Besi isiyo na pile

Mujukuu wangu Aline,

Tumefurahi kusikia uko na afya huko Kampala. Huku Murara tuko salama. Koko yako mwanamuke bado anagombana na kuku za jirani.

Unauliza ununue gitaa ya besi gani ya nyuzi tano, yenye pile, ile betri ndogo, ao isiyo na pile. Yangu ya ujana ilitumia pile. Jumapili moja kanisani, katikati ya wimbo, ikanyamaza: mama yangu alikuwa amehamisha pile yangu mupya kwenye radio yake, akaniwekea ile yake yenye kuchoka. Kwa kuona haya, niliendelea kuchezesha vidole. Kisha misa kwisha, kiongozi wa kwaya akanishika mukono: «Leo umepiga muzuri. Sisi waimbaji tumesikilizana.»

Kamata isiyo na pile, mutoto wangu. Siku ya kunyamaza, unyamaze kwa kupenda kwako.

Koko yako