Sauti ya Susu Kwenye Diski Mbili

Mpendwa kaka,

Sikuandikii kukujulia hali. Nakuandikia kwa sababu jana mama aliniomba tena nimchezee sauti ya Susu, nami kwa mara ya tatu nikamjibu kwamba kompyuta ina hitilafu ndogo. Hitilafu ndogo! Susu, bibi yetu, amelala kaburini kule kijijini Kola, na mimi namdanganya bintiye.

Unaikumbuka likizo ile? Siku nne Susu aliketi jikoni pake akitusimulia jinsi mkoloni alivyowalazimisha kuchimba matuta, akawataja kwa majina wanawake waliotupa majembe chini na kukataa. Tulijaza kaseti sita. Ukazihamishia kwenye kompyuta yako mjini Machakos, ukafunga diski ngumu mbili na kuziunganisha kwa mfumo wa RAID, unaozifanya diski mbili zitumike kama moja. Skrini ikakuuliza: je, diski ya pili irudie yote yaliyomo kwenye ya kwanza, au kila faili igawanywe, nusu huku nusu kule, ili upate kasi na nafasi maradufu?

"Weka nakala," nikasema.

"Wewe endelea na siasa yako ya chuo, mashine niachie mimi. Diski nzima ikae tu ikirudia maneno ya mwenzake? Si ziko mbili? Unaogopa nini?"

Nikacheka. Nikakuamini.

Kwani Susu hakuwa ametufundisha? Kila mavuno alitundika mbegu za mahindi juu ya moshi wa jiko lake, na debe jingine akalipeleka kwa jirani, ng'ambo ya mto. "Nyumba huungua," alisema. Lakini alipeleka punje nzima, kaka! Wewe ulipasua kila punje katikati, ukaweka vipande nyumba mbili, ukauita huo usalama. Wiki mbili baada ya mazishi diski moja ikafa, na ile iliyopona ikabaki na nusu za maneno ambazo hakuna mashine inayoweza kuzisoma.

Ukanipigia simu. "Pole, zimeenda." Kisha ukapanda ndege kwenda kusomea kompyuta hizo hizo.

Nimekushtaki moyoni kwa ufasaha wangu wote. Ila shtaka hili lina mshtakiwa wa pili. Siku ile uliniuliza, "Lakini kaseti bado unazo?" nami nikakata simu.

Ninazo. Zote sita. Kwa kuwa diski zilikuwa mbili, nilizipeleka kaseti hizo chuoni nikarekodi juu yake hotuba zangu za mgomo. Jana, mama alipotoka, niliweka moja redioni, nikasikiliza hadi mwisho wa mkanda nikitafuta walau kikohozi cha Susu. Nilijikuta mimi tu, nikifoka kwamba watawala wamezima sauti za wanyonge, na umati ukinishangilia.

Jumapili nitamketisha mama nimwambie yote, lako na langu. Ukiwa na ujasiri, piga simu siku hiyo. Usipopiga, baki huko huko na mashine zako.

Mdogo wako