Mama Alilala kwa Mtawa

Jumatatu, 3 Machi
Dawa ya macho ya asubuhi. Chai, mkate. Kisha ngazi, twende kupimwa hospitalini Eastleigh, kutoka ghorofa ya saba kwa binamu yangu Rose hapa Pipeline, Nairobi, hadi chini, Mama ameshika ukuta na bega langu. Jicho la kushoto lilikufa zamani. La kulia lina mtoto wa jicho, linapasuliwa kesho. Mama anaimba tu. Mimi naogopa.

Jumanne, 4 Machi
Upasuaji umekwisha. Jicho limefungwa bandeji, haoni chochote. Daktari amekataza ngazi, arudi kesho. Gesti za Eastleigh nazo ni ngazi tupu.

Rose hufanya usafi kwenye hekalu la Wabudha huko Donholm, nyumba ya chini isiyo na ngazi. Amempigia mtawa simu. Njooni, akasema.

Mama ni mama wa kanisa hasa. Akisikia kuna sanamu atalala barabarani. Rose akaninong'oneza, "Nyamaza tu." Nikanyamaza.

Jioni. Nje ya geti ni pikipiki, spika za mhubiri, mama mboga akiita wateja. Ndani, kimya. Sijui kimetoka wapi. Ukumbi mtupu, na Budha wa dhahabu ameketi, mkubwa kuliko mtu. Nilisahau hata kusalimu.

Mtawa ni kijana, mgeni, Kiswahili chake cha polepole. Kichwa kimenyolewa, miguu mitupu. Amemshika Mama mkono hadi kitandani. Kitanda chake mwenyewe. Ametupakulia wali na dengu, yeye hakugusa. Rose anasema hali kitu baada ya adhuhuri.

"Mchungaji ana mikono mipole," Mama akasema. "Ni kanisa gani hili?"

"La watu watulivu," nikajibu.

Najichukia.

Jumatano, 5 Machi, alfajiri
Mtawa na wenzake wanaimba ukumbini, sauti nzito, ya chini. Mama ameketi kitandani anasikiliza. Sasa anaomba kwa Kiluhya, polepole, na sauti yake imeingia katikati ya zao. Sijawahi kusikia kitu kama hiki.

Mchana
Bandeji imetolewa hospitalini. Mama amenitazama. "Umekonda," akasema, akaanza kulia. Mimi pia.

Kisha akataka turudi kumshukuru mchungaji. Getini nikashindwa kunyamaza.

"Si kanisa, Mama. Ni hekalu la Wabudha. Kuna sanamu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo." Alikasirika. Nilidhani atageuka.

Akavua viatu, akaingia mbele yangu.

Ukumbini kulikuwa na mkeka wa kulalia, bado umetandikwa kwenye saruji. Akamuuliza Rose, aliyekuwa akifagia, nani alilala pale. Ni mtawa, Rose akamwambia. Mama akautazama mkeka muda mrefu kuliko alivyoitazama ile sanamu ya dhahabu. Mtawa alipotoka jikoni, Mama akainamisha kichwa.

"Asante, mwanangu," Mama akasema.

Hakupiga magoti. Hakukemea. Alisimama tu, akitazama kila kitu.

Jumamosi, 8 Machi
Tuko nyumbani, Vihiga. Mvua kidogo. Jirani, wa kwaya moja na Mama, amekuja kuona jicho. Akauliza Nairobi tulilala wapi. Nikatazama chini.

"Kwa mtawa wa Wabudha," Mama akajibu. "Alitupa kitanda chake."

Mama akaendelea kuchambua maharagwe, akitoa vijiwe ambavyo mimi sikuviona.