Faili Moja, Safari Moja

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu tele kutoka kwa baba yako. Mkwe wangu hajambo? Na yule mjukuu wangu mkorofi, meno yameshatoka? Mimi ni mzima, tena mzima kuliko ulivyoniacha!

Ulivyoniacha nilikuwa nakaa saa tisa kwa siku. Ndivyo alivyosema muuguzi wa kazini alipokuja kutupima, akatuonya kwamba viti vitatumaliza taratibu. Akatuwekea sheria: marufuku kumpigia simu mtu aliye ndani ya jengo. Ukimhitaji, mfuate kwa miguu, na lifti usiiguse. Nilinuna, maana masjala iko ghorofa ya tatu, na mama anayeitunza tulimwita Mkali wa Juu. Miaka yote nilimjua kwa sauti ya simu tu. Faili zilishushwa na tarishi.

Siku ya kwanza nilifika nahema, jasho linanitiririka, nikijua nitafokewa. Kumbe alinipa maji, akaniuliza nikianguka pale ampigie nani aje kuniokota. Nilicheka mpaka nikapaliwa.

Zamani niliandika faili kumi kwenye karatasi moja ya maombi. Sasa naandika moja tu. Faili moja, safari moja! Mwezi wa pili muuguzi akasoma matokeo: baba yako wa kwanza idara nzima, presha imeshuka, kitambi kimenywea. Mkuu wa idara akataka niwape wenzangu siri. Nikajibu kwamba ni nidhamu.

Nilidanganya, mwanangu. Nusu ya faili zile sikuzihitaji. Na yule mama wa masjala mwenyewe alishanigundua: Jumanne alinionyesha faili niliyoichukua mara nne, akasema kamba yake bado ina fundo alilolifunga yeye. Niliona aibu, lakini sikushuka. Nilimwambia palepale kwamba nataka kumwoa. Hakukataa. Alisema nisipande tena ngazi zile mpaka mwanangu ajue na aridhie, kwa sababu hataki kuingia nyumba ya mama yako kwa kujificha.

Mama yako sijamsahau, wala sitamsahau. Lakini moyo unanidunda kama wa kijana! Ukiwa na la kusema, sema, hata likiwa chungu. Ila usiniambie nitulie tu nyumbani. Tangu tumzike nimekaa miaka sita, mwanangu. Nimechoka kukaa.

Msalimu mkwe wangu, mbusu mjukuu, na unijibu upesi.

Ni mimi baba yako,
naandika nimesimama.