Mstari Mweupe wa Kimumu

Jumatatu, 10 Machi
Chai saa kumi na mbili. Kibet ameamka kabla yangu kama kawaida, ingawa aliacha kushindana mwaka jana. Mume wangu sasa ni mfanyabiashara. Anaandaa mbio. Za kwanza ni Jumamosi, kilomita kumi, kwenye barabara ya Kimumu. Nilimuuliza ninachomuuliza mwandaaji yeyote: nani alipima njia? Yeye mwenyewe. Kwa saa ya mkononi inayopima umbali. Sikulipenda jibu hilo.

Jumanne, 11 Machi
Nimeripoti riadha miaka ishirini. Nimeona mbio zikifa kwa sababu ya njia fupi. Muda unakataliwa, wakimbiaji hawarudi, mwandaaji anakuwa kichekesho. Kibet hana kazi nyingine. Nimempigia Mzee Wafula wa Kapsoya, mwalimu mstaafu. Hupima njia kwa baiskeli yenye kifaa cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu. Kibet amenuna. Anasema ameikimbia barabara hiyo miaka kumi na miwili. Kweli. Wanariadha wote wa huku huanzia kwenye ule mstari mweupe. Hakuna anayejua aliyeuchora.

Jumatano, 12 Machi
Mzee amepima mara mbili. Njia imepungua mita mia moja na tano. Saa huhesabu hata pale mtu alipoyumba, alieleza. Kisha akamtania Kibet: "Bingwa, kumbe hata kumi zilikuwa hazitimii?" Kibet hakucheka.
Nyumbani akasema hakuna atakayejua. Nikasema mimi najua, na huandika ninachojua. Hatukula pamoja. Niliogopa. Si kwa ajili ya mbio.

Alhamisi, 13 Machi
Niliamka, hayupo. Alikuwa Kimumu na Mzee Wafula, wakirefusha njia. Njia inageukia darajani, na kibali cha polisi kinaishia hapo. Kwa hiyo mwanzo ndio urudi nyuma, hadi mbele ya duka la Mama Njeri. Hapo lori la viazi hushusha mzigo kila Jumamosi asubuhi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Miaka yote unapita hapa na kaptula, hujawahi kununua kwangu hata kiazi kimoja." Kibet amerudi na gunia zima. Lori litakuja saa tano, mbio zikiisha.

Ijumaa, 14 Machi
Mstari mpya umechorwa, wa manjano. Mvua. Tumeufunika kwa turubai. Chakula cha jioni, viazi.

Jumamosi, 15 Machi
Saa moja kasorobo. Nusu ya wakimbiaji wamejipanga kwenye mstari mweupe. Mazoea. Kibet akaita kwa kipaza sauti. Hakuna aliyesogea. Mmoja akajibu kwamba mbio huanzia hapa tangu zamani. Wa nyuma walianza kuwatukana wa mbele. Niliona siku nzima ikiharibika na sikuwa na la kufanya.
Kibet akaweka kipaza sauti chini. Akaenda na koti lake na viatu vya ofisini, akasimama kwenye mstari wa manjano, akainama kama anayesubiri mlio wa bastola. Walimtazama. Wakarudi nyuma wote, mmoja mmoja.
Washindi walikuwa msichana mmoja kwa wanawake, dereva wa boda kwa wanaume. Muda wa kawaida, ila wa kweli. Mzee Wafula ametia sahihi kuthibitisha urefu wa njia. Nimepumua.

Jumapili, 16 Machi
Baada ya kanisa Kibet alikimbia peke yake, kutoka kwenye manjano. Alirudi akisema hajawahi kuwa mzito hivyo. Akahesabu. Miaka kumi na miwili ya muda wa njia fupi, ambao haukuwa wake. Akacheka mpaka akakaa chini.
Gunia bado halijafika nusu. Leo amemenya yeye.