Wanawake wa Kamba, Hallowick

Jumanne, 8 Machi 1938

Nimetoka kwenye kikao cha mashua ya uokoaji. Hasira imenijaa! Hata kome wa chambo nimeshindwa kuwamenya, nimejikata kidole. Acha chambo kingoje.

Kituo chetu kinatimiza miaka mia moja sikukuu ya Pasaka. Kutakuwa na bendi, chai, kasisi wa kuibariki mashua. Na ubao mpya utatundikwa ndani ya banda, juu ya misumari ya majaketi ya kuelea: majina ya wote waliokufa kwa kazi ya mashua. Herufi za dhahabu. Bwana Pringle, katibu, katusomea. Wanaume watatu. Mama hayumo.

Nikasimama. Nikauliza, na Margery Renwick je? Bwana Pringle akavua miwani, akaipangusa. Eti ubao ni wa waliokuwa ndani ya mashua. Wavuta kamba, yaani sisi wanawake tunaoishusha mashua majini, ni "wasaidizi wa ufukweni", anawashukuru mno, na amewatengea aya nzima katika hotuba yake. Aya!

Mama alikufa maji yakiwa shingoni, kamba mkononi, siku ilipovunjika meli ya Wanorwe. Wimbi lilimng'oa. Mashua ikaenda, Wanorwe wakaokolewa wote, magazeti yakaandika. Punda afe, mzigo ufike. Nilikuwa mtoto wa miaka tisa, nimesimama mchangani nimeshika blanketi lake.

Na huyo Isaac Tully wa 1871 aliyemo ubaoni — alikufa kitandani kwake, kwa kichomi, bakuli la supu pembeni! Lakini alivaa suruali.

Pringle hajaniuma. Pringle ni mtu wa kuja, harufu ya chambo tu humtapisha. Aliyeniuma ni Baba. Nahodha wa mashua. Mume wa marehemu. Alikuwa pale mstari wa mbele, anaitazama kofia yake magotini. Hakutoa neno.

Jumatano, 9 Machi

Nimemfuata Baba uani, anasuka mitego ya kaa. Nikamwambia, umekaa kimya kama si mkeo. Hakuinua macho. Akasema jina la mwanamke aliyezama halitundikwi mahali wanaume wanapovalia majaketi. Watalisoma halafu waende baharini? Ni mkosi. "Na usinitajie tena habari hiyo, Esther."

Tangu tumzike, 1922, hajalitamka jina lake. Nilidhani ni huzuni. Leo nimeona kumbe nusu yake ni woga.

Mkosi! Hapa kwetu mwanaume akienda baharini alfajiri akakutana na mwanamke njiani, anageuka, anarudi kulala. Siku imeharibika. Ndiyo maana tunajifungia ndani kama kuku mpaka mashua za uvuvi zitoke. Lakini roketi ya hatari ikilia, ni wanawake hao hao tunaoiburuta mashua ya uokoaji mchangani, tunaingia nayo majini, sketi zinatuvuta chini. Hapo hakuna mkosi. Kumbe mkosi una saa zake za kazi, kama posta.

Cuddy kanikuta nalia jikoni. Mume wangu huyu hajui kubembeleza, kazi yake kuchekesha tu. Kasema akifa yeye, nimwandike ubaoni kwa rangi ya kijani, dhahabu haimpendezi. Nimemrushia kitambaa cha vyombo.

Ijumaa, 11 Machi

Kwa Shangazi Vinnie, dada yake Baba. Tumekaa wanawake wote wa mtaa wa chini, tunatia chambo kwenye ndoano. Vinnie ndiye hushika kamba mbele kabisa, mahali alipokuwa Mama. Nikawasimulia maneno ya Baba. Ndoano tu zinagonga mabeseni.

Kisha Vinnie: "Sisi ni mkosi? Haya. Basi tuwe mkosi kweli."

Hakuna aliyecheka mwanzoni. Halafu tukacheka wote, mpaka Nelly Haig akajichoma.

Tumekubaliana. Jumatatu alfajiri tunatoka, tunasimama kwenye kichochoro cha bandarini. Njia ni ile moja. Hatutukani, hatuzuii mtu. Tunasimama tu. Kila alfajiri, mpaka jina liandikwe. Nelly akauliza, watoto watakula nini? Swali zuri. Vinnie akasema viazi.

Nelly tena: na roketi ikilia? Hapo Vinnie akawaka! "Roketi ikilia tunavuta. Nani kataja kamba hapa? Mtu asinitajie kamba."

Jumapili, 13 Machi

Baada ya ibada nimemweleza Baba mpango wote, nisije nikaitwa msaliti. Nikasema, "Kamba hatuigomei, Baba. Roketi ikilia tutakuwa wa kwanza kufika. Hilo ulijue." Kanitazama kama anavyotazama mawingu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Akavaa kofia, akaenda zake.

Jumatatu, 14 Machi

Hakuna mashua iliyotoka! Hata moja!

Walikuja na taa zao, wakakata kona — sisi hao, tumejipanga ukutani na shali nzito mabegani. Wakaganda. Mmoja akasema, Yesu wangu. Wakageuka. Wanaume wazima, mabuti mpaka mapajani, wanarudi nyumbani kwa sababu ya sketi! Baba alisimama muda mrefu kuliko wengine. Alimtazama Vinnie, akanitazama mimi. Naye akageuka.

Ned Straughan kajifanya mjanja, kapitia nyuma, karuka ukuta wa akina Haig — akaangukia bandani mwa yule mnyama wa matope, mwenye mkia wa kujipinda, ambaye mvuvi hata jina lake halitamki kwa kuogopa mkosi! Sote tukamsikia mnyama anavyoguna. Ned karudi amepauka, kajifunika blanketi. Mkewe anasema hataki hata chai.

Nimecheka mpaka mbavu zinauma. Kisha nikafika nyumbani, hasira ikarudi pale pale nilipoiacha. Wanamwogopa mama yangu aliyekufa akiwatumikia.

Jumanne, 15 Machi

Leo Cuddy katoka.

Walipofika konani wakasimama, wakaanza kunung'unika. Mume wangu akatoka kati yao, mshipi begani, na mdogo wake Luke nyuma yake. Akanijia moja kwa moja. Akasema kwa sauti, wote wasikie, "Huyu nimeamka naye, mguu wake wa baridi mgongoni kwangu. Kama ni mkosi, ulishanipata kabla ya jogoo!" Akanibusu. Mbele ya baba yangu! Wanawake wakapiga vigelegele.

Baba akamwambia, unacheza, kijana. Cuddy akasema, "Mkwe, mimi naenda kazini. Ninyi ndio mnacheza."

Saa nane walirudi, chewa wamejaa mpaka ukingoni. Bei nzuri, kwa kuwa wako peke yao. Kawagawia samaki nyumba zote za wanaogoma, hata za waume wanaomwita mwendawazimu.

Jumatano, 16 Machi

Viazi. Cuddy na Luke wametoka tena, wamerudi salama tena. Wengine wanaanza kukwaruzana majumbani. Bwana Pringle kapita kuniomba "busara". Nikamwambia busara yangu nimeiandikia aya.

Baba tumekutana dukani. Hakunisalimia. Aliniambia tu kipimahewa kinashuka, tufani inakuja, mwambie mumeo. Nimemwambia Cuddy. Kasema kinashuka kila Jumatano.

Alhamisi, 17 Machi

Naandika kwa penseli, mezani jikoni. Vinnie kanifukuza pwani nikabadili nguo nisife kichomi kama Tully. Birika liko motoni. Naandika kwa sababu nikikaa bure nitapasua vyombo.

Cuddy na Luke walitoka alfajiri, bahari shwari. Leo tena wao tu! Saa nne upepo ukageuka kaskazini-mashariki kama mtu kafungua mlango. Saa tano sikuona tanga lao tena. Kisha roketi.

Tulikimbia. Mimi, Vinnie, Nelly, wote, kichochoro kile kile. Mawe yana utelezi, Vinnie akaanguka katikati ya njia, tukasimama kumwinua. Basi! Ndivyo tulivyosimama. Wanaume wakakata kona wakatukuta tumejaa njia nzima.

Wakaganda. Hata leo! Mvua inawapiga usoni, Cuddy yuko nje kule, nao wameganda.

Baba akasogea mbele. Sikuwahi kumwona uso ule. Mikono ameiinua hivi, kama anamtuliza farasi. Akasema, "Esther. Nitaliandika. Nitaliandika Margery, kwa mkono wangu mwenyewe. Tupisheni tu. Tupisheni, mwanangu."

Kalitamka. Miaka yote hii nimengoja alitamke. Kalitamka kama mtu anayetupa pochi yake mbele ya majambazi.

Tulikuwa tunakimbilia kamba, Baba! Tulikuwa tumekutangulia! Nilikwambia Jumapili kwa kinywa changu. Ulifikiri nimesimama pale nikimweka mume wangu rehani kwa jina la mama yangu? Ulifikiri mimi ni nani? Umenizaa wewe!

Hapakuwa na muda wa kumjibu. Vinnie akamwambia tu kaka yake, "Gilbert, acha upuuzi, vuta miguu," akasimama akichechemea, tukakimbia pamoja, wanaume na wanawake, bega kwa bega, na hakuna aliyegeuka. Mashua ikashuka. Nikaingia mpaka kifuani. Wimbi likaninyanyua, nikaona mgongo wa Vinnie mbele yangu, nikashikilia. Baba alikuwa kwenye usukani, ananiangalia mimi, haangalii bahari. Nikampigia kelele aangalie mbele.

Ikavuka mawimbi. Haikuonekana tena.

Pale mchangani mke wa Ned kasema, si kwa sauti kubwa, kwamba mwanamke aliyesimama njiani siku nne ajiulize nani kaleta upepo huu. Nelly kanyamaza. Nelly! Ningempiga mmoja wao, Vinnie kanishika mkono. Ubaya ni kwamba nami najiuliza. Namwona Cuddy alivyopita mbele yangu leo asubuhi, ananikonyeza. Upuuzi. Upepo haujui sketi ni nini. Cuddy, mjinga wewe, kipimahewa kilishuka, ulikiona! Ukirudi nitakutukana kwanza, mengine baadaye.

Na Baba akirudi nitamwambia hilo jina asiliandike. Hapana. Aliandike. Lakini aliandike akijua hatukumwuzia.

Kelele nje. Vinnie anagonga dirisha. Mashua imeonekana, inaingia, inabidi tuipokee majini.

Nimemuuliza kupitia kioo, Cuddy yumo?

Kasema, "Njoo kwenye kamba, mwanangu."