Nilimkana Rafiki Yangu Mbele ya Mama Mkwe

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi maana nimejiingiza pabaya kwa mdomo wangu mwenyewe. Mimi ni binti wa miaka ishirini na mitatu, naishi mtaa wa mabanda, mimi na wenzangu watatu tuna yadi nyuma ya choo cha kulipia, tunakusanya chupa za plastiki, tunazichambua kwa rangi, tunaziosha, tunazisaga kuwa chenga na kuziuza kiwandani, na kusema kweli kazi naipenda, mashine ikianza kunguruma asubuhi nasikia raha. Aliyenifundisha ni rafiki yangu tunayemwita Komando, huyo akibinya chupa tu, macho amefumba, anakwambia ni plastiki ya aina gani.

Sasa nimepata mchumba, fundi umeme, alikuja kutengeneza mashine yetu akasahau kuondoka, yeye kazi yangu anaijua, tatizo ni mama yake, siku ya kwanza aliponiuliza, “Mwanangu, unafanya kazi wapi?” nikajikuta nimesema, “Ofisini, mama,” na mchumba akakohoa akaangalia dari. Wiki iliyopita nilikuwa na mama huyo sokoni tunachagua vitambaa, mara Komando akatokea anavuta mkokoteni wa magunia, jasho linamtiririka, akapaza sauti kwa furaha, “Wee! Kiwanda kimechukua mzigo wote!” na mimi, Mungu anisamehe, nikamjibu, “Samahani dada, umenifananisha.” Alinitazama, akainama, akavuta mzigo wake akaenda zake. Tangu siku hiyo tunachambua gunia moja lakini amenipa mgongo, hata glavu akitaka anamwagiza mwingine aniombe. Na mama naye amesema Jumamosi ananiletea chakula ofisini, binamu yangu karani wa mapokezi amekubali kuniazima kiti chake kwa saa moja, blauzi ninayo, je, niende, au niseme ukweli nikose mume?

Mimi, Mfanyakazi wa Ofisi Hewa

*

Binti yangu, marahaba. Barua yako niliijibu kwanza kwa simu, maana Jumamosi ilikuwa inabisha hodi. Kwa ruhusa yako nayarudia majibu yangu hapa, wapo wengi wenye viti vya kuazima.

Umenichekesha, halafu umenikasirisha. Huibi, huombi, unaamka na kufanya kazi inayokulisha, kisha unaionea haya mbele ya mtu ambaye hajasema neno baya hata moja! Mama wa watu kakuuliza swali tu. Nakuelewa, kutaka kupendwa na wakwe si dhambi. Lakini barua nzima unalilia mume, na aliyeumia ni Komando. Kwa hiyo nilikwambia: mrudishie binamu kiti chake, nenda kwa rafiki yako mapema, mikono mitupu, umwambie kwa maneno haya haya, “Nilikukana.” Usiseme ulipitiwa. Kisha mwelekeze mama yadi. Na huyo fundi wako anayekohoa, aje naye, safari hii afungue mdomo.

Jumapili ukanipigia, unacheka na kulia kwa pamoja. Ukaniambia Komando alikusikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, “Iliniuma sana. Usirudie. Haya, shika upande huo wa gunia tunyanyue.” Mama naye akafika na hotpoti zake, akazunguka yadi yote, akatazama mashine, akauliza, “Hii ndiyo ofisi?” Ukajibu, “Ndiyo, mama. Nilikudanganya.” Akakukaripia vizuri, na alikuwa na haki. Kisha akamgeukia mwanawe: “Na wewe ulijua?” Alipomaliza kumkaripia na yeye, mama akavua saa, akaomba glavu, na baada ya dakika kumi Komando alikuwa anamsahihisha: “Hapana mama, hizo za kijani haziendi huku.”

Basi binti, umepona, lakini usibweteke. Uaminifu wa Komando utaurudisha kidogo kidogo, kwa hiyo wiki hii mkokoteni uvute wewe, na ukipita sokoni usiinamishe kichwa. Posa ikija, wa kwanza kupewa habari awe yeye. Na siku ya harusi asiwe wa kuosha vyombo nyuma: mweke mbele, pembeni ya mama mkwe, na umtambulishe wewe mwenyewe, kwa sauti.