Sindano Tumboni mwa Thuraya

Kimara, 4 Mei 2025

Shikamoo Mama. Sie wazima, isipokuwa mjukuu wako Matar. Selimundu imemlaza tena, amelilia mifupa mpaka sauti imekauka. Nakuandikia ujumbe kwa sababu tukiongea kwa simu tutagombana. Daktari anataka kunichoma sindano tumboni, avute kidogo maji anamoelea mtoto, ajue kama na huyu ana selimundu. Amesema wazi kwamba mara chache mimba huharibika. Mie na Aiman tumekubali. Siwezi kukaa miezi yote iliyobaki bila kujua.

Mwanao, Thuraya

Kigamboni, 6 Mei

Marahaba mwanangu. Mpe pole mjukuu wangu. Presha ilikuwa imetulia mpaka niliposoma maneno yako. Sindano? Kwa kiumbe asiyeweza hata kukwepa? Na ukishajua, utamfanya nini? Mwambie mumeo nimekataa.

Mama yako

Kimara, 9 Mei

Shikamoo Mama, presha inaendeleaje? Nimeshachomwa. Nilimwona kwenye skrini ananyonya kidole, sindano iko pembeni yake, nikabana pumzi. Nimeambiwa nipumzike, tumbo lisiguswe. Majibu ni baada ya wiki mbili. Usinune basi.

Thuraya wako

Kigamboni, 10 Mei

Umeamkaje mwanangu? Sijanuna, naogopa. Mtoto ameshtuliwa huyo. Namtuma Bi Ghanima, mkunga aliyenikanda mimba zenu zote. Atakukanda, amrudishe mahali pake. Usimfukuze, ni mtu mzima.

Mama

Wodini, 12 Mei

Shikamoo Mama. Bi Ghanima alikuja. Nilijua sitakiwi kuguswa, ila niliona haya kumrudisha mtu mzima mlangoni. Alikanda kwa nguvu. Jioni maji yakaanza kunitoka. Nimelazwa. Moyo wa mtoto bado unadunda.

Thuraya

Kigamboni, 12 Mei

Daktari anasemaje? Ni sindano au ni mikono? Bado unadunda?

Mama

Kigamboni, 13 Mei

Mwanangu, nijibu. Hata kwa kunitukana.

Mama

Kimara, 26 Mei

Shikamoo Mama. Nisamehe kwa kimya. Aiman alikuambia tumemzika, na kwa kuwa alishatimiza miezi minne tukampa jina, Khulud. Uliuliza kama ni sindano au mikono. Daktari anasema huenda hiki, huenda kile, na hakuna atakayejua. Majibu yametoka leo. Hakuwa na selimundu.

Nimekulaumu sana, Mama. Kila nikianza na wewe naishia kwangu, maana sindano niliitaka mimi na mlango niliufungua mimi. Usiniandikie tena, njoo. Hapa kila mtu ananiambia nishukuru Mungu, na mie nataka kulia na mtu aliyemwogopea kama nilivyomwogopea.

Mwanao